Bidhaa Mpya na Ukuaji wa Makampuni Makubwa ya Mtandao: Funzo Kutoka Pwani ya Fuma

Kusini ya mji wa Kismayo, mkabala wa pwani ya Somalia, vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo, vikielekea Ras Kiamboni iliyo mpakani na Kenya. Wenyeji wake ni wavuvi na mabaharia, na lugha yao, Kibajuni au Kitikuu kama wengine wanavyoiita, ni lahaja ya Kiswahili. Jina lenyewe la Fuma Iyu na Fuma Tini, yaani Fuma ya Juu na Fuma ya Chini, latosha kumjulisha mtu wa Lamu au wa Mombasa kwamba amefika kwa nduguze. Wazee wa watu hawa walisifika tangu kale kwa kuunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasipo kutiwa msumari hata mmoja.

Huenda msomaji akajiuliza, je, visiwa vidogo kama hivyo vina uhusiano gani na makampuni makubwa ya mtandao, ambayo mengine thamani yake imepita bajeti za nchi nyingi zikijumlishwa pamoja? Sisi twaona kwamba uhusiano upo, tena ni wa karibu sana. Mvuvi wa Fuma apelekaye samaki wake Kismayo leo yumkini asishike noti hata moja mkononi. Tajiri abonyeza tarakimu katika simu yake, simu ya mvuvi yalia, na biashara imekwisha. Katika tendo hilo la nukta chache mna siri yote ya namna makampuni haya yanavyozaliwa, yanavyonenepa na yanavyowashika watu. Makala haya yakusudia kuifungua siri hiyo kidogo kidogo, ili mtumiaji wa simu aelewe ni kitu gani anachokishika kila siku.

PENYE PENGO NDIPO PENYE BIASHARA

Kanuni ya kwanza ni kwamba bidhaa mpya yenye nguvu haizaliwi kwa sababu fundi amekuwa hodari tu, bali huzaliwa mahali penye pengo. Hapana budi basi kulitazama pengo lililokuwapo Somalia.

Serikali kuu ya nchi hiyo ilipoanguka mwezi wa Januari 1991, Benki Kuu ilianguka nayo. Noti za shilingi zilizobakia mikononi mwa watu ziliendelea kuzunguka, zikachakaa, na juu yake wakatokea watu binafsi wakachapisha noti zao wenyewe. Shirika la Fedha la Kimataifa liliwahi kukadiria kwamba yapata asilimia 98 ya noti za shilingi zilizokuwa zikitumika zilikuwa za bandia. Noti kubwa kupita zote ilikuwa ya shilingi 1,000. Pale dola moja ya Marekani ilipofikia kubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20,000, mtu aliyetaka kulipa dola 100 kwa shilingi alihitaji noti zaidi ya 2,000. Fedha hazikuwa tena za kutiwa mfukoni. Zilikuwa za kubebwa kwa gunia au kusukumwa kwa mkokoteni, huku mwenyewe akitazama nyuma kwa hofu ya wanyang'anyi.

Dola yenyewe nayo ilikuwa na kasoro yake. Noti ya dola moja ni kubwa mno kwa kikombe cha chai au fungu la samaki, na sarafu za senti za Marekani hazikufika huko. Hivyo basi nchi nzima ilikuwa na fedha mbili: moja ilikuwa dhaifu kupita kiasi, nyingine ilikuwa nzito kupita kiasi.

Hali kadhalika, hapakuwa na mabenki ya kupeleka fedha mbali. Vita vya mwaka 1991 na miaka iliyofuata viliwatawanya Wasomali, na Wabajuni miongoni mwao. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya kwa vyombo vyao wenyewe, wengine wakaishi katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa, na hatimaye baadhi yao wakarejea visiwani ilhali wengine walikwenda Ulaya. Kila jamaa iliyotawanyika ina haja mbili zisizokwisha, nazo ni kusikia sauti ya aliye mbali na kupeleka au kupokea fedha. Haja ya kwanza ilitimizwa na makampuni ya simu. Haja ya pili ilitimizwa na hawala, biashara ya kale ya kutumiana fedha kwa kuaminiana, ambayo katika Bahari ya Hindi haikuwa ngeni hata kidogo.

KUANGUKA KWA AL-BARAKAAT

Kampuni ya Al-Barakaat iliziunganisha haja hizo mbili. Ilikuwa ya hawala na pia ya simu, na kufikia mwaka 2001 ilikuwa mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya Wasomali, yenye ofisi katika nchi nyingi. Halafu, tarehe 7 Novemba 2001, Serikali ya Marekani ilizifunga ofisi zake na kuzizuia fedha zake, kwa tuhuma za kuwasaidia magaidi. Mwaka 2004 taarifa ya tume iliyochunguza mashambulio ya Septemba 2001 ilieleza kwamba uchunguzi haukupata ushahidi wa kuzithibitisha tuhuma hizo. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Watu waliokuwa wameweka fedha zao humo waliamka asubuhi wakakuta mlango umefungwa.

Tumelitaja jambo hili mapema kwa makusudi, kwa kuwa tutalirejea mwishoni. Mwaka uliofuata, 2002, katika nafasi iliyoachwa wazi, ilianzishwa kampuni ya Hormuud. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Ahmed Nur Ali Jimale, aliyekuwa mwanzilishi wa Al-Barakaat. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kupita nyingine zote za simu katika kusini na katikati ya Somalia, Kismayo ikiwamo.

FUNZO LA M-PESA

Kabla hatujaendelea, yafaa tuvuke mpaka tuingie Kenya, maana ndiko mbegu ilikoota. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom, pamoja na Vodafone ya Uingereza iliyokuwa na hisa ndani yake, zilijaribu mpango mdogo huko Nairobi na Thika. Sehemu ya gharama ililipwa na idara ya Serikali ya Uingereza iliyoshughulikia misaada ya maendeleo. Madhumuni ya mpango huo hayakuwa kutumiana fedha. Yalikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu.

Waliokuwa wakiuendesha mpango huo wakaona jambo ambalo hawakulitarajia. Watu waliopewa chombo hicho walianza kukitumia kwa mambo yao wenyewe: huyu alimtumia mkewe fedha za matumizi, yule aliweka fedha simuni kabla ya safari ili zisiibwe njiani. Kampuni haikushikilia mpango wake wa awali. Ilifuata nyayo za wateja, na Machi 2007 ikaitoa M-Pesa kwa umma kama njia ya kupeleka fedha nyumbani. Hapo pana hekima kubwa. Bidhaa nyingi zilizoyakuza makampuni makubwa hazikuwa zile zilizokusudiwa kwanza. Zilikuwa zile ambazo watumiaji wenyewe walizichagua kwa vidole vyao.

Matokeo yake yajulikana. Novemba 2012 ilitoka M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Januari 2019 ikatoka Fuliza, ya kumkopesha mtu pale salio lake linapopungua katikati ya malipo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, mapato ya M-Pesa yalipita shilingi za Kenya bilioni 100, yakawa yameyashinda mapato ya mazungumzo ya simu, ambayo ndiyo yaliyokuwa kazi ya kampuni tangu ilipoanzishwa. Mtoto alimpita mzazi kimo.

DOLA NDANI YA SIMU

Upepo wa M-Pesa ulivuma kuelekea kaskazini. Mwaka 2009 kampuni ya Telesom ya Hargeisa ilianzisha huduma iitwayo ZAAD, na upande wa kusini Hormuud ikafuata na huduma ambayo tangu mwaka 2011 yajulikana kwa jina la EVC Plus. Wakati huo Kismayo na sehemu kubwa ya kusini zilikuwa chini ya Al-Shabaab, ambao Oktoba 2010 walikuwa wamepiga marufuku huduma za fedha kwa simu. Kismayo ilitoka mikononi mwao mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2012, na tangu hapo biashara mjini ikafunguka upya.

Huduma hizi za Somalia zilitofautiana na M-Pesa katika mambo mawili makubwa. La kwanza, fedha zilizomo simuni ni dola, si shilingi. Mara moja lile pengo tulilolieleza likazibika. Dola isiyoweza kukatwa vipande mkononi yaweza kukatwa simuni: mtu hulipa senti 20 za chai au senti 50 za nauli pasipo kutafuta chenji, na aliyekuwa akibeba gunia la noti sasa habebi kitu. Bidhaa hiyo haikuhitaji kupigiwa debe. Taabu ya kila siku ndiyo iliyoipigia debe.

La pili, kumtumia mwenzako fedha hakukutozwa malipo. Hili liliwashangaza wengi. Kampuni yapataje faida kwa kufanya kazi bure? Jibu la swali hili ndilo kiini cha makala haya.

CHA BURE KINA BEI YAKE

Kwanza, mtu mwenye fedha simuni hununua muda wa maongezi papo hapo, hata usiku wa manane. Kampuni haihitaji tena kuchapa kadi za vocha, kuzisafirisha na kuwalipa wauzaji kamisheni. Gharama hiyo iliyookolewa ni faida tosha. Pili, mteja hahami. Mtu ambaye salio lake, mshahara wake na wateja wake wote wamo katika laini moja, hawezi kuitupa laini hiyo kwa sababu tu kampuni nyingine imepunguza bei ya kupiga simu. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, kila anayejiunga huwavuta wengine. Simu moja peke yake duniani haina faida. Simu mbili zina faida kidogo. Simu milioni zina faida ambayo hakuna awezaye kuikwepa. Tajiri wa samaki Kismayo akianza kulipa kwa EVC Plus, wavuvi wanaomuuzia hujiunga; wavuvi wakijiunga, muuza mafuta ya mashine hujiunga; naye muuza maji, muuza unga na fundi wa boti hawana la kufanya ila kufuata. Duka lisilopokea malipo kwa simu hubaki na nzi.

Ni sababu hiyo iliyofanya jambo hili lienee kwa kasi kubwa. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2018, karibu watu watatu katika kila wanne nchini Somalia wenye umri wa zaidi ya miaka 16 walikuwa wakitumia fedha za simu. Miamala ilikuwa yapata milioni 155 kwa mwezi, yenye thamani ya dola bilioni 2.7. Nchi iliyokuwa haina benki za kutajika ikajikuta mbele ya nchi nyingi zenye benki tele.

Nne, bidhaa ya kwanza hutengeneza njia ya bidhaa ya pili. Kampuni ikisha kujua nani hulipa nini na lini, na watu wakisha kuizoea kwa amana zao, si vigumu tena kuwaletea benki, mikopo, mtandao wa nyumbani na mengineyo. Bidhaa ya bure ni kama chambo: mvuvi haandiki hasara kwa dagaa aliyemtia ndoanani.

WAKUBWA WA DUNIA NAO NI VIVYO HIVYO

Tukiyatazama makampuni makubwa ya Marekani, twakuta mwendo ni ule ule, ila tu bahari wanamovua ni pana zaidi.

Google ilianzishwa mwaka 1998 kwa kazi moja, nayo ni kumtafutia mtu habari katika mtandao. Kazi hiyo ilikuwa bure, na faida ikatoka katika matangazo ya biashara. Mwaka 2004 ilileta barua za Gmail, mwaka 2005 ikaleta ramani, na mwaka huo huo ikainunua kampuni ndogo ya Android iliyokuwa ikitengeneza programu ya kuendeshea simu. Programu hiyo Google iliwapa watengenezaji wa simu pasipo kuwatoza ada ya leseni. Ndipo zikatokea simu za bei nafuu, kama vile Tecno zinazotengenezwa na Wachina wa Shenzhen, zikaijaza Afrika. Leo kijana wa Kismayo anunuapo simu ya namna hiyo, akidhani amenunua kipande cha plastiki na kioo, kumbe ameinunua pia njia ya Google ya kuingia mfukoni mwake.

Apple nayo, iliyokuwa ikiuza kompyuta, ilitangaza simu yake ya iPhone Januari 2007. Lakini siri haikuwa simu peke yake. Julai 2008 ilifungua soko la programu, ambamo watu wengine wote hutengeneza na kuuza bidhaa zao, na mwenye soko akachukua sehemu ya kila mauzo, kwa kawaida asilimia 30. Huu ni ushuru wa gulio. Mwenye gulio halimi wala havui, lakini hakuna auzaye bila ya kumpa fungu lake.

Amazon ilianza mwaka 1995 kwa kuuza vitabu. Ilipokwisha kujijengea mitambo mikubwa ya kompyuta kwa shughuli zake, mwaka 2006 ilianza kuwakodisha wengine mitambo ya namna hiyo, na kodi hiyo ikawa chemchemi kubwa ya faida yake. Facebook, iliyoanza mwaka 2004 chuoni Harvard, ilifuata njia ya kununua: Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, na WhatsApp mwaka 2014 kwa bei iliyotangazwa ya dola bilioni 19. Wakati wa kununuliwa, WhatsApp ilikuwa na watumishi wapatao 55 tu, bali ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450. Si watumishi wale waliothaminiwa kwa mabilioni, wala si mitambo. Waliothaminiwa ni watumiaji, yaani mimi na wewe, na mazoea yetu.

Novemba 2022 ilikuja ChatGPT ya kampuni ya OpenAI, mashine inayojibu maswali kwa maandishi, na tangu siku hiyo wakubwa wote wamekuwa mbioni kutoa bidhaa za akili bandia, kila mmoja akichelea kuachwa pwani chombo kikiondoka.

SI KILA CHOMBO HUFIKA BANDARINI

Isidhaniwe hata hivyo kwamba ukubwa watosha kuifanya bidhaa ipendwe. Google ilitoa Google+ mwaka 2011 ili kushindana na Facebook. Ilifungwa mwaka 2019. Nokia, ambayo simu zake zilikuwa mikononi mwa nusu ya Afrika, ilichelewa kugeuza tanga, ikaiuzia Microsoft biashara yake ya simu mwaka 2014, na mwaka uliofuata Microsoft ikakiri hasara ya dola bilioni 7.6. M-Pesa yenyewe, iliyoivaa Kenya kama kanzu iliyopimwa, ilipelekwa Afrika ya Kusini mwaka 2010, ikafungwa mwaka 2016. Kule mabenki yalikuwa mengi, na pengo lililokuwapo Kenya halikuwapo.

Kampuni mama ya Google iliwahi pia kurusha maputo makubwa ya kupeleka mtandao katika sehemu za mbali za Kenya, kwa jina la Loon. Huduma ilifunguliwa Julai 2020. Januari 2021 ikatangazwa kwamba itafungwa, kwa kuwa haikuonekana njia ya kupata faida. Funzo la jambo hili kwa watu wa visiwani ni zito: kampuni hufika mahali palipo na haja, lakini haikai ila mahali palipo na faida.

UZI ULIO CHINI YA BAHARI

Mambo haya yote, dola za simuni na ujumbe wa WhatsApp, watu huyadhania kuwa yapo hewani. Kwa hakika sehemu kubwa yapita chini ya bahari ile ile ambamo Wabajuni huvua. Mkongo wa EASSy, ulioanza kazi mwaka 2010 kutoka Afrika ya Kusini hadi Sudan, uliifikisha Mogadishu katika mtandao wa kasi yapata miaka mitatu baadaye. Juni 2017 meli ya mizigo iliukata mkongo huo kwa bahati mbaya karibu na Mogadishu, na sehemu kubwa ya kusini na katikati ya Somalia ikakaa majuma matatu bila ya mtandao. Serikali ilisema nchi ilipoteza dola milioni 10 kila siku.

Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba bidhaa mpya haileti faraja tu, bali huleta pia utegemezi. Nanga moja ya meli moja iliwaathiri watu ambao hawajapata kuiona meli hiyo.

Kwa kulitambua hilo, wakubwa wa dunia sasa hawauzi programu tu, bali wameingia katika kuilaza mikongo yenyewe. Kampuni ya Meta, lilivyo jina jipya la kampuni ya Facebook tangu mwaka 2021, ni mojawapo ya washirika wa mkongo wa 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000 pamoja na matawi yake, unaoizunguka Afrika yote. Aprili 2025 Somalia ilitoa leseni kwa Starlink ya Elon Musk, inayoleta mtandao kwa njia ya setilaiti. Hao nao hawafanyi hisani. Anayemjengea mtu barabara hadi mlangoni ana nia ya kumuuzia kitu nyumbani mwake.

MVUVI ANA NINI MKONONI?

Sasa turejee Fuma. Hebu tumchukue mvuvi mmoja, tusimtaje jina kwa kuwa ni mfano tu. Ana dola 60 simuni, akiba ya msimu wa kaskazi, anazotaka kununulia nyavu kabla ya kusi kuingia na bahari kuchafuka. Je, fedha hizo ziko wapi?

Hazimo katika simu. Simu ikizama baharini, laini mpya yaweza kuzirejesha. Wala dola zile si noti zilizofungwa kwa jina lake mahali fulani. Alicho nacho ni ahadi. Kampuni imeahidi kwamba atakapotaka kulipa au kuchukua taslimu, itatimiza. Ahadi hiyo imetimizwa kila siku kwa miaka mingi, na haki yapasa kusemwa: katika nchi iliyokosa serikali imara, makampuni ya simu yalisimama pale ambapo taasisi nyingine zilianguka. Bila ya hayo, mtoto aliye Mombasa au London asingeweza kumtumia mamake aliye Kismayo fedha za dawa zikafika kabla ya ugonjwa kuzidi.

Lakini ahadi yahitaji mashahidi. Kwa muda wa miaka karibu kumi huduma hiyo iliendeshwa pasipo leseni ya Benki Kuu, kwa kuwa Benki Kuu yenyewe ilikuwa ikijengwa upya. Sheria ya Mawasiliano ilitiwa saini mwaka 2017, na Februari 2021 ndipo Benki Kuu ya Somalia ilipotoa leseni ya kwanza ya fedha kwa simu, ikaipa Hormuud. Hatua hiyo ilikuwa njema, maana msingi wa biashara hii ni mmoja tu: kila dola iliyoandikwa simuni iwe na dola halisi iliyowekwa mahali pa salama, pasipo kuchanganywa na mali ya kampuni, na awepo mkaguzi asiyekuwa mtumishi wa kampuni. Wanaoikumbuka asubuhi ya Novemba 2001 hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Kuna na jambo la pili. Kwa miaka mingi makampuni ya simu ya Somalia hayakuwa yameunganishwa, na mtu alilazimika kubeba simu mbili au tatu ili aweze kuzungumza na jamaa zake wote. Jambo lenye manufaa kwa kampuni si lazima liwe na manufaa kwa mteja. Kampuni hupenda ua wake uwe mrefu ili kondoo wasitoke. Mteja hupenda mlango uwe wazi ili achague malisho. Ni kazi ya sheria kuhakikisha kwamba ua una mlango.

LUGHA NAYO NI MALI

La tatu ni lugha. Huduma za simu katika pwani hiyo zimeandikwa kwa Kisomali na Kiingereza. Mbajuni mzee aliyezoea Kibajuni chake huzisoma kwa msaada wa mjukuu, na mtu anayehitaji msaada wa mwingine ili aione akiba yake hana siri, wala hana usalama kamili. Kiswahili kwa jumla kimepiga hatua katika ulimwengu wa kompyuta. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao waliitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na makampuni makubwa yakafuata baadaye. Lakini Kiswahili hicho ni Kiswahili sanifu. Lahaja ndogo, yenye wasemaji waliotawanywa na vita, haina soko la kumvutia mwenye mtaji.

Hata hivyo, hapa tena watumiaji wanaweza kuigeuza bidhaa kwa matakwa yao. WhatsApp ilipoweka ujumbe wa sauti mwaka 2013, haikuwa ikiwafikiria Wabajuni. Lakini ujumbe wa sauti hauhitaji tahajia wala hauulizi kama lahaja yako imo katika kamusi. Bibi aweza kumsemesha mjukuu aliye Ulaya kwa Kibajuni kile kile alichokisema ufukweni, na mjukuu akayasikiliza maneno hayo mara kumi akitaka. Bidhaa iliyobuniwa kwa ajili ya soko yaweza kuwa ghala la lugha, mradi wenye lugha waitumie.

HITIMISHO

Tumeona basi kwamba makampuni makubwa hukua kwa bidhaa mpya kwa sababu ya mambo manne: yanaona pengo na kulijaza, yanatoa cha bure ili yapate mazoea ya watu, yanamfanya kila mteja awe mvuto wa mteja mwingine, na yanatumia bidhaa ya kwanza kama ngazi ya kupandia ya pili. Si uchawi, wala si ujanja wa Wazungu peke yao, kwani Wasomali wameyafanya hayo katika nchi yao wenyewe, katika wakati mgumu kupita kiasi, na wakafaulu.

Linalobaki ni la mtumiaji. Wazee walioshona mtepe walikijua chombo chao kutoka mkuku hadi omo. Walijua kila kamba imefungwa na nani, na walipoingia maji walijua pa kuziba. Chombo tunachosafiria leo hatukukiunda, na wengi wetu hatujui kimeshonwa wapi. Lakini twaweza kuuliza. Fedha zangu zimewekwa wapi? Nikitaka kuhama, mlango u wapi? Kampuni ikianguka kesho, nani atanilipa? Mvuvi wa Fuma akiyauliza maswali hayo matatu kwa wakala wake kabla ya kuweka akiba ya msimu, atakuwa amefanya kama baharia mwema afanyavyo: hutazama mbao za chombo kungali pwani, bali si katikati ya mkondo.